Mbuga ya Byabato na Mbuga ya Kashindye

Kashindye hakuwahi kuvaa viatu shambani, na si kwa kukosa. Jozi moja nzuri ya raba nyeusi ilikaa chini ya kitanda chake ikisubiri Jumapili, misiba na safari. Shambani aliingia peku kwa sababu, kama alivyopenda kusema, jicho hudanganywa na mvua ya juzi, lakini unyayo haudanganywi.

Akikanyaga mahali pakamteleza katikati ya vidole kama unga wa udaga, alisema, "Luseni." Huo ni mchanga. Akikanyaga mahali pakamgonga kisigino kama sakafu, alisema, "Itogolo," akapita haraka, maana hapo jembe hurudi juu kama limepiga sufuria. Akifika chini bondeni, kwenye udongo mweusi ambao kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mbuzi, na masika hukushika usiondoke, hapo alisema, "Mbuga." Kwa Wasukuma hayo ni majina ya udongo, na mtoto huyajua kabla hajajua kuhesabu. Lishike hilo neno la mwisho, msomaji wangu, lifungie kwenye pindo la nguo. Ndilo lililotaka kumhamisha Kashindye.

Nyumba yao, yeye na mumewe Machibya, ilikuwa kwenye mteremko ukitoka Usagara kuelekea Kigongo, mahali ambapo asubuhi ziwa linang'aa kama bati jipya. Kuizunguka nyumba lilikuwa shamba la luseni, na hilo ndilo lililowalisha mahindi miaka yote. Lakini kufikia mwaka tisini na tano lilikuwa limechoka. Zamani mbolea ilikuja kwa chama cha ushirika pamoja na mbegu za pamba. Kisha ruzuku ikaondolewa, mbolea ikahamia madukani mjini Mwanza, na bei yake ukiisikia unaomba maji ya kunywa. Mahindi ya Kashindye yakawa membamba kama miguu ya korongo.

Jioni moja Machibya alirudi kutoka Kigongo na samaki wawili kwenye ukambaa na habari moja mdomoni.

"Mama Mihayo, tunahama."

"Tunahamia wapi?"

"Geita, kwa Masalu." Masalu alikuwa mdogo wake, aliyevuka ziwa na ng'ombe zake miaka minne nyuma. "Huko, nakwambia, unadondosha mbegu halafu unakimbia, mahindi yasije yakakupiga kidevuni."

Kashindye alimshika kidevu mumewe, akakigeuza kushoto na kulia. "Mbona sioni alama?"

"Wewe cheka tu. Huu mchanga umekwisha. Siku hizi kila kitu soko huria. Hata mahindi yamechagua kwenda kuota kwa wengine."

Kashindye hakucheka tena. "Baba Mihayo, mwaka sabini na nne serikali ilinihamisha, nikabeba mlango wa nyumba kichwani kutoka kwetu mpaka hapa. Ile ilikuwa serikali, ina magari. Mchanga hauna gari. Hautanihamisha. Nipe mvua tatu, miaka mitatu."

"Mvua tatu! Mchanga wenyewe utakuwa umeshafika Misri."

"Zikipita tatu na luseni haijajaza kihenge, nitatangulia mimi kwenye kivuko cha Kigongo, na mlango nitaubeba mwenyewe. Ikijaza, wewe utaingia kwenye mstari wetu wa kulima, uniimbie mbele ya wanawake wote."

Hapo Machibya alikohoa. Wanawake wa kijiji kile walilima kwa kusaidiana, leo kwa huyu kesho kwa yule, wamejipanga mstari mmoja na majembe yakifuata wimbo, na mwimbishaji wao alikuwa Kashindye. Machibya naye, kwa upande wake, aliwahi kuwa kwenye kwaya ya kigango, akaombwa kwa upole mkubwa awe msimamizi wa madaftari ya nyimbo.

"Mvua tatu," alikubali. "Lakini ujue nitaanza kulegeza bawaba za mlango."

* * *

Mwezi wa kumi mwaka huohuo ndipo bwana shamba mpya alipofika. Aliitwa Gosbert Byabato, Mhaya kutoka upande wa Muleba, kijana mnyoofu, mwenye buti za ngozi zilizong'arishwa na Kiswahili kilichopigwa pasi. Aliwakusanya watu kwenye banda la kupimia pamba, akainua bahasha ya kaki.

"Ndugu zangu, ardhi yenu ina njaa. Nimewaletea mti wa kuilisha. Mizizi yake inakamata chakula cha udongo kutoka hewani, majani yake yakioza ni mbolea. Unaitwa utupa."

Mzee Ngosha, aliyevua samaki ujanani kabla ya kulima, alinyoosha fimbo. "Ngoja kwanza, bwana shamba. Huo si ule wa kulewesha samaki? Ukiutwanga ukautia majini, samaki wanaelea matumbo juu?"

"Ndio huohuo, mzee, na tafadhali majini usiupeleke, ni marufuku. Lakini—"

"Kumbe umetuletea pombe ya ardhi!"

Banda zima lilicheka. Modesta, jirani wa Kashindye, akadakia, "Si vizuri? Ikilewa italala, na ikilala itapumzika."

Kashindye alisubiri kicheko kipungue. "Bwana shamba, tuupande wapi?"

"Mbugani, mama," alijibu Byabato bila kusita. "Pale mbugani, palipo wazi, ardhi iliyochoka, nje ya migomba."

Nje ya migomba! Watu walicheka upya, maana kijiji kizima kilikuwa na migomba sita, na mitano ilikuwa ya padri. Lakini vidole vya miguu vya Kashindye vilijikunja. Mbuga ichoke? Mbuga huwa inachosha watu, haichoki yenyewe. Alitaka kuuliza tena, akajizuia. Mwenye mbegu ndiye mwenye neno.

Siku ya kupanda alipepeta mbegu zake kwa ungo nyuma ya jiko, kuku wakigombania zilizoruka, kisha akateremka bondeni pamoja na wenzake. Kaya ishirini na moja zilipanda utupa kwenye udongo mweusi. Ukaota, ukapendeza. Mwezi wa kwanza mvua ikakolea, maji yakatuama kama ilivyo desturi yake mbugani, na miche ikasimama ndani ya maji mpaka shingoni. Ikageuka manjano. Ikaangusha majani. Mwezi wa pili ukiing'oa, mizizi inanuka kama mtungi uliosahauliwa.

"Mvua moja imekwenda," alisema Machibya, akitafuna mchembe, kipande cha kiazi kilichokaushwa. "Zimebaki mbili. Sasa niambie, ninoe sauti au ning'oe mlango?"

Kashindye alimaliza kuosha vyombo. Alitoka nje kumwaga maji ya kuoshea vyombo, nyuma ya jiko, na ndipo alipoviona. Vichaka vitatu, vimemfika kifuani, vimebeba maua meupe, vimejiotea pale pale alipopepetea mbegu. Mbuzi alipita, akanusa, akakunja pua, akaenda zake. Kashindye aliweka sufuria chini. Alisogeza mguu, akachimba kwa kidole gumba, mchanga ukamteleza katikati ya vidole.

"Luseni," alisema peke yake. Halafu akasema tena kwa sauti kubwa, kama anayemshtaki mtu.

* * *

Kesho yake alivaa zile raba, maana hiyo ilikuwa safari, akakata tawi moja la utupa, akaenda mpaka Usagara alikopanga Byabato. Alimkuta nje ya chumba chake, ameinamia taarifa ambayo ilikuwa haitaki kuandikika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hiki ni nini?"

Byabato aliruka kutoka kwenye kigoda. "Utupa! Tena umestawi! Na mimi nimeambiwa umekufa wote. Si niliwaambia? Mbugani unastawi!"

"Huu haukuota mbugani. Huu umeota jikoni kwangu. Wa mbugani umekufa kwa kuzama."

"Kuzama?" Byabato alimtazama kama mtu aliyeambiwa kuku amezama kwenye vumbi. "Mama, utazamaje mbugani? Mbugani ni pakavu."

"Pakavu? Bwana shamba, mbuga unaijua?"

"Naijua! Nimekulia mbugani!"

"Basi njoo nikuonyeshe ulikokulia."

Alimpeleka mpaka chini bondeni. Byabato alitembea kwa kujiamini hatua nne. Ya tano, buti lilizama mpaka kwenye kamba. Alivuta, mguu ukatoka, buti likabaki. Akasimama kwa mguu mmoja kama kwarara, soksi yake ya bluu ikipepea.

"Hii," alisema Kashindye taratibu, "ndiyo mbuga."

"Waitu!" Byabato alishika kichwa, Kihaya kikimponyoka. "Hili ni tope!"

"Ni mbuga. Muulize yeyote. Sasa niambie ya kwenu."

Akiwa vilevile kwa mguu mmoja, akajieleza. Kwao Uhayani kuna kibanja, ndiyo ile bustani ya migomba na kahawa inayozunguka nyumba, nyeusi kwa samadi. Nje ya kibanja kuna rweya: pako wazi, nyasi, mchanga, ardhi iliyochoka. Na hapo ndipo bibi yake alipokuwa akipanda utupa tangu zamani, kuipumzisha. "Sasa shuleni," alisema, "mwalimu aliuliza rweya kwa Kiswahili ni nini. Nikasema mbuga. Akanipa vema."

Kashindye alimtazama, akautazama mteremko, akaitazama nyumba yake kule juu kwenye mchanga. "Kwa hiyo rweya yako wewe ndiyo luseni yangu mimi."

"Ndiyo."

"Na sisi kaya ishirini na moja tumezamisha miche kwa sababu mwalimu wako alikupa vema."

Buti lilizidi kudidimia topeni. Kisha Byabato akaanza kucheka, akapoteza usawa, akakaa kitako kwenye mbuga na suruali yake ya kazi, na Kashindye akacheka mpaka akalazimika kushikilia tawi la utupa kama mkongojo.

"Vua na la pili," alimwambia alipopata pumzi. "Hizo buti zako ni viziwi."

Siku ile nzima walipanda na kushuka mteremko, wote wawili peku. Kashindye alikuwa akimfumbisha macho: "Hapa?" "Luseni." "Hapa?" "Luseni." "Kanyaga vizuri." "Aa... itogolo!" "Ehe. Hapa usimshauri mtu kupanda kitu, utamvunjia jembe. Na hapa?" "Hapa hata usiniulize, mama, nanuka mbuga mpaka kiunoni." Byabato aliandika yote kwenye daftari lenye alama za matope. Na kwa mbuga yenyewe, alisema, iko mbegu ya mti mwingine, msesibania, huo haukasiriki ukisimama majini, ataileta.

Jumamosi iliyofuata alisimama tena kwenye banda la pamba, safari hii bila buti, akasema mbele ya watu wote, "Ndugu zangu, kosa ni langu. Mbuga niliyosema mimi si mbuga mliyosikia ninyi."

Mzee Ngosha alitikisa kichwa kwa huruma. "Kumbe ardhi haikulewa. Lililolewa ni neno."

* * *

Tatizo ni kwamba mvua moja ilikuwa imeshapotea, na utupa hautaki haraka. Ukiupanda leo, unausubiri mwaka mzima ndipo uukate, ulaze majani yake ardhini, upande mahindi. Kashindye alihesabu vidole. Apande mvua ya pili, akate, avune mvua ya tatu. Hapakuwa na nafasi ya kukosea tena hata mara moja.

Mwezi wa kumi na moja mwaka tisini na sita aligawa shamba la luseni nusu kwa nusu. Upande mmoja mahindi ya siku zote. Upande wa pili utupa mtupu. Wenzake wa mstari wa kulima walikuja, wakatazamana.

"Mwimbishaji," aliuliza Modesta, "leo tunalima kichaka?"

"Leo tunalima ugali wa mwaka kesho kutwa. Inama."

Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kupita njia. Mahindi ya upande wa kwanza yalikauka yakiwa hayajamfika mtu gotini, na nyumba ikala viazi na mihogo mpaka Machibya akasema tumbo lake limeota matuta. Lakini utupa ulisimama. Kiangazi mifugo ilipoachiwa kuzurura, ng'ombe walimaliza kila kijani kijijini; msesibania aliopanda Modesta mbugani waliutafuna hadi kwenye shina, ikabidi auzungushie minyaa. Utupa wa Kashindye hakuna aliyeugusa. Mbuzi alikuwa akifika, ananusa, anakunja pua.

"Mke wangu," Machibya aliwaambia wenzake kilabuni, "amegundua zao ambalo hata mbuzi amelikataa. Na mimi ndiye nitakayelila."

Jioni hiyo Kashindye aliona bawaba ya juu ya mlango imelegezwa kweli. Alichukua bisibisi, akaikaza.

Mwezi wa kumi mwaka tisini na saba utupa ulikuwa umempita Machibya urefu, akinyoosha na mkono. Waliukata. Kuni zikajaa jiko, majani wakayalaza kwenye matuta na kuyafukia. Kashindye alipoingia kwenye matuta yale siku ya kupanda mahindi, alisimama ghafla.

"Vipi, umechomwa na mwiba?" aliuliza Byabato, aliyekuja kutazama, peku.

"Hapana. Kanyaga hapa."

Byabato alikanyaga. Mchanga haukuteleza katikati ya vidole. Ulishika kidogo, ukawa na ubaridi, kama unga uliotiwa maji kwa mara ya kwanza.

"Hii tuiiteje?" aliuliza.

"Bado haina jina," alisema Kashindye. "Tungoje tuvune."

Kisha ikaja ile mvua ambayo redio iliiita Elinino, na watoto wengi wakapewa jina hilo. Ilinyesha vuli ikaunganisha na masika. Barabara zilikatika, ziwa lilipanda likaingia kwenye mashamba ya pembeni. Kwenye mteremko maji yalishuka kwa nguvu, yakipasua matuta. Mchana mmoja Kashindye alitoka na jembe, gunia kichwani, kwenda kuziba mahali palipobomoka, akijua kwamba tuta moja likiachiwa, la chini yake litafuata, na lingine, mpaka mbugani. Aliziba la kwanza. Alipoinuka kwenda la pili, alimkuta mtu ameinama hapo, amelowa chapachapa, anaziba kwa jembe.

"Baba Mihayo! Umekuja kunisaidia nikushinde?"

"Nimekuja kuhakikisha," alisema Machibya bila kuinua kichwa, "usije baadaye ukasema ni mvua iliyokushinda. Leta udongo huo."

Walifanya kazi mpaka mvua ilipopumua. Walipofika mwisho wa shamba walisimama kupumzika, na kutoka pale pande zote mbili zilionekana kwa pamoja. Upande usio na utupa, mvua ilikuwa imesuuza kila kitu. Mahindi yalikuwa ya manjano kama mgonjwa wa ini. Upande wa utupa yalikuwa ya kijani kizito, karibu na weusi. Machibya alitazama kwa muda mrefu. Kisha akajisafisha koo, akajaribu noti moja ya wimbo, kwa sauti ndogo sana. Ng'ombe wa jirani aliinua kichwa.

* * *

Masalu alifika mwezi wa sita, barabara ilipopona, amebeba kamba za kufungia mizigo. Kaka yake alikuwa amemwita tangu mwaka jana aje kusaidia kuhama. Alikuta kihenge kimejaa mpaka kifuniko kimekaa upande, na mahindi mengine yametandazwa juu ya mkeka.

"Kaka," alisema, akizungusha kamba mkononi, "mmeniita nibebe nini?"

"Mbebe shemeji yako mgongoni, umzungushe kijiji," alisema Machibya. "Sisi hatuhami tena."

Masalu alikaa. Alikula ugali huku akisimuliwa habari za utupa, akala tena. Ndipo akasema polepole, akitazama sahani, "Na afadhali. Kule kwangu mahindi hayapigi tena kidevu. Mwaka huu yamenipiga goti." Akamgeukia Kashindye. "Shemeji, hizo mbegu zenu, zipo za kuvuka nazo?"

Kashindye alileta kikapu, akaanza kumfungia kwenye kitambaa. Halafu mkono ukasimama. Byabato, aliyekuwa amekaribishwa chakula siku ile, aliacha kutafuna, alijua kinachokuja.

"Kabla sijafunga," alisema Kashindye. "Shamba lako la kule ni udongo gani?"

"Liko pale mbugani tu, shemeji, karibu na—"

"Mbuga ipi?" waliuliza Kashindye na Byabato kwa pamoja, na nyumba nzima ikacheka, Masalu akibaki na tonge hewani asijue kosa lake. Ilibidi avuliwe viatu, apelekwe nje, akanyagishwe luseni, kisha itogolo, kisha mbuga, mpaka aseme mwenyewe, "Aa, langu ni kama hili la kwanza." Ndipo fundo likafungwa.

Siku iliyofuata ilikuwa zamu ya kwa Modesta, kupiga matuta ya viazi. Wanawake kumi na nne walijipanga mstari, na wa kumi na tano alikuwa Machibya, na jembe lake, katikati, ambapo Kashindye alimpanga ili sauti ifike pande zote mbili. Ahadi ni ahadi. Alitazama mbinguni, akatazama kando, akaanza:

"Nilitaka kuvuka maji, nikaishia kwenye matuta,
mlango nikaulegeza, mama akaukaza,
mbuzi alikataa kula, nami nimeshiba..."

Wimbo ulipanda mahali ulipopaswa kushuka na ukashuka mahali ulipopaswa kupanda, na mstari uliokuwa umenyooka kama kamba ukajikunja kila upande, maana hakuna aliyeweza kulima huku amejishika mbavu. Modesta alikaa chini kabisa. Ng'ambo ya tuta, Byabato alikuwa akiandika, lakini si mambo ya udongo.

Kashindye, mwisho wa mstari, alikanyaga imara, akainua jembe.

"Rudia, Baba Mihayo," alisema. "Huku mwisho hatujasikia vizuri."